Kabla ya miche, tazameni jiko na shamba: barua ya wazi kwa vijana wapanda miti wa Dodoma

Wajukuu zangu wa vikundi vya mazingira vya Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na huku kwetu Kondoa,

Mbukwenyi.

Nimeletewa nakala ya ramani mlizozionyesha kwenye mkutano wenu, zile za nchi za visiwa vya ukanda wa joto, kijani kikiwa msitu na njano ikiwa mashamba, miaka ya zamani upande huu na miaka ya sasa upande ule. Mmefanya kazi ya maana na nimezitazama kwa muda mrefu. Ila chini yake mmeandika azimio moja tu, kwamba msimu ujao mpande miche mingi kuliko msimu uliopita. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Visiwa hivyo havikupoteza misitu kwa kukosa wapanda miti, na vile vilivyoirudisha, kwa sehemu kubwa havikuirudisha kwa miche. Msitu uliondoka kwa mlango wa jikoni na wa shambani, na uliporudi ulipita milango hiyo hiyo. Naomba mnisikilize kabla mvua hazijaanza.

Visiwa vina faida kwa mtu anayetaka kujifunza, kwa sababu hakuna pa kuhamia. Huku bara shamba likichoka mtu anafunga mzigo, anakwenda Kiteto, anakwenda Manyoni, wengine wamefika hadi mabonde ya Morogoro. Uharibifu tunauacha nyuma na hatuuoni tena. Mkulima wa kisiwani anazuiwa na bahari, kwa hiyo anaishi na alichokifanya, na watoto wake pia.

Anzeni na majirani zetu wa Komoro. Kisiwa cha Nzwani kina milima mikali na watu waliobanana. Enzi za ukoloni ardhi nzuri ilichukuliwa na makampuni ya kulima mlangilangi, vanila na mazao mengine ya kuuza Ulaya, mwananchi akasukumwa mlimani. Alifyeka huko kwa sababu hakuachiwa pengine. Tena ua la mlangilangi halitoi mafuta yake bure. Linachemshwa kwa mvuke saa nyingi, na moto wa kuchemshia kwa sehemu kubwa ni wa kuni. Leo mito mingi ya Nzwani iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima inaonekana wakati wa mvua tu. Manukato yanapulizwa Paris, na mama wa Nzwani anabeba ndoo kichwani.

Madagaska imepoteza takriban asilimia 44 ya msitu wake wa asili kati ya 1953 na 2014. Wengi wanamlaumu mkulima wa tavy, yaani yule anayefyeka na kuchoma apate kulima mpunga wa mlimani, na kweli mchango wake ni mkubwa. Lakini tazameni Menabe, pwani ya magharibi, kwa maana ndiko kunakofanana na kwetu: kiangazi kirefu, mibuyu, miti inayopukutisha majani. Msitu ule mkavu umechomwa ili kupata mahindi na karanga, na sehemu kubwa ya mazao hayo ni ya sokoni. Wafyekaji wengi ni watu waliokimbia ukame wa kusini. Wanalima miaka michache, rutuba inakwisha, magugu yanaingia, wanasogea mbele na panga.

Nilipoona karanga nilikumbuka Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta pale kung'oa pori ili ilime karanga, kwa sababu baada ya vita watu wake walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Udongo ule mwekundu ukikauka jembe halipenyi, mvua nazo hazikutosha, na ilipofika 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Kwa hiyo mkiona njano inakula kijani kwenye ramani yoyote, swali la kwanza liwe hili: kinacholimwa pale kinaishia kwenye sahani ya nani? Anayeshika panga mara nyingi si yeye anayekula.

Kisha Haiti na Jamhuri ya Dominika, nchi mbili zilizogawana kisiwa kimoja. Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo penye somo la Dodoma.

Kwanza namba. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Haiti imebakiwa na msitu usiofika asilimia 2. Baadaye wataalamu waliochambua picha za setilaiti, wakahesabu na miembe ya shambani na miti ya kivuli cha kahawa, wakapata karibu asilimia 30. Ardhi ni ile ile, tofauti ni nini kinahesabiwa. Hata FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao vipimo vyao vinatumika dunia nzima, huhesabu shamba la mpira kuwa msitu na huacha nje shamba la mchikichi. Na kwao msitu unataka miti inayofikia mita 5 kwenda juu. Mnajua hilo lina maana gani kwetu? Vichaka vya Itigi, kule Manyoni, ni uoto ambao duniani haupatikani ila hapa kwetu na sehemu ya kaskazini ya Zambia. Ni vichaka vilivyosongamana hata mbuzi anapita kwa shida, lakini vingi havifiki urefu huo. Mtu anaweza kuvifyeka vyote na jedwali la misitu lisiguswe. Ninyi mlio na ujuzi wa ramani, vipimeni hivyo kwa jina lake, maana mwingine hatavipima.

Pili moto wa kupikia. Rais Joaquín Balaguer wa Dominika alifunga viwanda vya kupasua mbao mwaka 1967, akawapa askari kazi ya kulinda misitu. Maskini waliondolewa milimani kwa nguvu, na hilo sitaki mlisifu hata kidogo. Lakini baadaye serikali ilibeba sehemu ya bei ya gesi ya kupikia, akina mama wakauacha mkaa, na msitu ukapata nafuu ambayo askari peke yao wasingeileta. Ng'ambo ya mpaka, Haiti, mkaa uliendelea kuwa moto wa mjini, hadi mwingine ukawa unavushwa kwa magendo kutoka Dominika. Mvua za kimbunga Jeanne ziliponyesha Septemba 2004 kwenye milima iliyokuwa wazi juu ya mji wa Gonaïves, maji na tope vilishuka na kuua takriban watu 3,000. Ufilipino walishayaona hayo mwaka 1991 pale Ormoc, mji ulio chini ya vilima vilivyogeuzwa mashamba ya miwa na minazi. Maelfu walikufa asubuhi moja. Kwenye ramani, mnazi nao ni kijani.

Kuna na kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani, ambacho huwa kinasifiwa. Miaka ya 1940 msitu wake ulikuwa umeshuka hadi asilimia 6 hivi, leo umevuka nusu ya kisiwa. Haukupandwa. Wakulima waliacha miwa na kahawa wakaenda viwandani na Marekani bara, pori likajiotea. Sasa sehemu kubwa kabisa ya chakula chao inakuja kwa meli, na kimbunga Maria cha 2017 kilipofunga bandari waliona ubaya wake. Sisi wa Dodoma, ambao wazee wetu walitusimulia njaa ya Mtunya iliyoanza 1917, hatuwezi kuuchukua mfano huo mzima mzima. Msitu unaorudi kwa mkulima kuondoka si ushindi ninaowaombea.

Sasa tuje nyumbani. Nilifanya kazi ya misitu Kondoa wakati wa HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973. Makorongo ya wakati ule msingeyaamini. Ungeweza kusimama chini ya korongo karibu na Kolo, ukainua uso, ukaona mizizi ya mti inaning'inia hewani juu ya kichwa chako, na juu zaidi mtoto anachunga mbuzi ukingoni. Kila masika ukingo ulisogea, ukachukua hatua chache za shamba la mtu. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, karibu 90,000, kutoka eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi haraka, miti ikafuata, na mchanga ukatulia mitoni. Wageni walikuja kutoka mbali kupiga picha.

Kile ambacho picha hazikuonyesha ni nyumba zilizokosa maziwa na mbolea, na ng'ombe waliopelekwa tambarare za chini wakaongeza mzigo huko. Ilichukua miaka kumi hadi watu wakaruhusiwa kufuga tena kwa kufungia ndani na kukata majani. Linganisheni na Shinyanga. Mradi wao wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza 1986 walikuta miti ya miradi iliyotangulia haijashika, wakarudi kwa wafugaji wenyewe, wakatumia ngitili, malisho ambayo Wasukuma tangu zamani huyafunga masika ili yaliwe kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 ziliota upya, na mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa mlinzi. Mimi nilikuwa upande wa amri, na nawaambia kwa moyo wangu wote kwamba njia ya Shinyanga ndiyo ya kuiga.

Turudi kwenye jiko, ambalo kwenye azimio lenu halimo. Sensa ya 2012 ilihesabu Dodoma mjini watu kama 411,000, na ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Kila aliyehamia amekuja na sufuria yake. Magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara ya Kondoa na kule Chemba, yaliyojazwa rumbesa na kufungwa majani juu, ndiyo yanayoipikia makao makuu ya nchi. Serikali imezitaka taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kuanzia Januari 31, 2024, na imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo jema sana. Lakini ingieni majumbani. Mtungi wa kilo 6 uliogawiwa uko pembeni, mtupu, umefunikwa kitambaa, na mama anapikia mkaa wa kopo, kwa sababu pesa ya kopo anaipata leo na pesa ya kujaza gesi hajawahi kuishika kwa mkupuo. Kundi lenu likianzisha mfuko wa kukopeshana pesa ya kujaza gesi kwa mitaa miwili ya Nkuhungu au Chang'ombe, mtakuwa mmeokoa miti ya Chemba bila kufika Chemba. Nendeni pia kwa mchoma mkaa mwenyewe mmuulize anasomesha watoto kwa nini kingine. Msimfokee, ni ndugu yenu.

Kuhusu miche yenyewe, nina ombi ambalo litawaudhi baadhi yenu. Mwaka jana nilipita kwenye uwanja mmoja uliopandwa kwa sherehe, nikang'oa mwarobaini uliokauka. Kiriba kilikuwa bado kimeuvaa mzizi. Aliyepanda alikuwa na haraka ya picha. Mvua zetu huanza Desemba hivi zikaisha Aprili, na hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mche ambao hauna mtu wa kuumwagilia kuanzia Mei ni fito tu. Pandeni michache ambayo kila mmoja una jina la mtu.

Nguvu inayobaki ipelekeni kwenye visiki. Kampeni ya Kisiki Hai, ya kutunza machipukizi ya visiki, mmeisikia mkoani kwetu tangu 2018, lakini naona vijana wa mjini wanaidharau kwa sababu haina kitalu wala mgeni rasmi. Shamba la mtama lililokwanguliwa jeupe lina mizizi hai chini, ya migunga, ya mikwaju, ya miti ambayo babu zenu walilala kivulini mwake. Kila mwaka inachipua na kila mwaka jembe linaikata. Chagueni kisiki, tazameni machipukizi yake, acheni manne au matano yenye afya na yaliyonyooka, mengine yaondoeni kwa panga kali mkikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yaliyobaki yapogoleeni hadi nusu ya urefu wake, mfunge kitambaa cha rangi ili mwenye shamba asije akayasahau wakati wa palizi. Mzizi ule umeshashuka chini kwenye unyevu, haungoji ndoo ya mtu. Ila kaeni kwanza na wenye mifugo na serikali ya kijiji mkubaliane mbuzi wapite wapi hadi machipukizi yavuke urefu wa mdomo wao.

Nataka tufanye pamoja. Mavuno ya mtama yakiisha, kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba kwa moto, njooni Kondoa kundi moja moja, nina shamba na majirani zangu wamekubali mashamba yao yatumike. Njooni na mapanga yaliyonolewa, vitambaa vya nguo kuukuu, na yule binti aliyechora ramani za visiwa aje na kompyuta yake, kwa sababu nataka anionyeshe Itigi ilikuwaje mwaka 1990. Maji ya kunywa yapo. Chakula kitakuwa ugali wa uwele na mlenda, na kitapikwa kwa gesi.

Ni mimi babu yenu, bwana misitu mstaafu,
Kondoa