Barua ya wazi kwa walimu vijana wa shule za viziwi: tumuenzi Andrew Foster darasani

Wanangu,

Poleni na kazi. Najua Desemba 3 mnapoadhimisha Siku ya Watu Wenye Ulemavu, baadhi yenu hutundika ukumbini picha ya Andrew Foster, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda. Tundikeni. Ila kazi yake ilikuwa darasani, na huko ndiko ninakotaka tumuenzi.

Foster alikuwa Mmarekani mweusi wa Alabama, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Mwaka 1957 akafika Ghana, na hadi anafariki alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Kubwa kuliko idadi hiyo ni kwamba kiziwi huyu aliwafunza viziwi wenzake wa Kiafrika wakawa walimu, wakaenda kufungua madarasa kwao.

Kwa hiyo nianze na hilo. Kiziwi mtu mzima aliyeajiriwa shuleni kwenu asiishie jikoni na getini. Mwekeni darasa la awali, kila siku, pamoja na mwalimu anayesikia. Foster alipopoteza usikivu tayari alikuwa na Kiingereza kichwani. Watoto wenu wengi wamezaliwa viziwi kwa wazazi wanaosikia, na wanafika na miaka saba wakiwa na ishara chache za nyumbani: kula, lala, njoo. Mtoto kama huyo ukimwanzishia a, e, i, o, u, atanakili herufi vizuri sana na hataelewa kitu. Muhula wa kwanza uwe wa lugha ya alama tu: majina ya watu, vitu, matendo, jana na kesho, nani kamfanyia nani nini.

Darasa nalo lipangwe kwa ajili ya macho. Viti vikae nusu duara, watoto wasizidi kumi hivi, kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, kwa sababu uso wako unakuwa giza, na sehemu kubwa ya sarufi ya alama iko usoni. Vaa nguo isiyo na maua, yenye rangi tofauti na ngozi yako. Ukiandika ubaoni, nyamaza kwa mikono, kisha geuka ueleze. Na bwenini hakikisheni kuna taa ya akiba, maana umeme ukikatika watoto wananyimwa mazungumzo.

Msiseme kwa mdomo huku mkitoa alama kwa wakati mmoja mkidhani mtoto anapata vyote viwili. Mpangilio wa lugha hizi ni tofauti. Mdomo hukimbia mbele, mikono inaacha vipande, na mtoto anabaki na makombo.

Hapa ndipo Kiswahili cha kuandika kinapowashinda wengi. Mtoto anaandika "mimi kupa yeye kitabu jana", mwalimu anaweka alama nyekundu ya kosa. Si uzembe. Katika alama, mkono ukitoka kwangu kwenda kwa mwenzangu umeshasema nani katoa na nani kapokea. Kiswahili kinayabeba hayo kwa viambishi ambavyo mtoto hajawahi kuvisikia. Andika "nilimpa" kwenye vikadi vinne, ni-li-m-pa, kila kimoja na rangi yake. Mwombe atoe alama ya tendo zima, kisha aonyeshe kila kadi inasimamia nini. Badili kadi moja tu kwa wakati: ni iwe a, li iwe ta. Ukibadili mbili, hatajua ipi imegeuza maana. Endelea na vitenzi vitatu vinne kwa wiki kadhaa kabla ya kuongeza vingine.

Kuna jambo moja la Foster tusiloliiga. Alifundisha kwa alama za Kimarekani, na shule zake zikazieneza mbali, ilhali Ghana kwenyewe, kijijini Adamorobe, watu walikuwa na lugha yao ya alama tangu zamani. Alama za kienyeji zikidharauliwa shuleni hufa na wazee wake. Rekodini za kwenu mapema. Simu ya kawaida inatosha: mzee asimame mbele ya ukuta mtupu, mwanga umtoke mbele, picha ianzie kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa ili mikono isikatwe. Chukueni neno peke yake, kisha sentensi. Faili ipewe jina la neno, wilaya na mwaka, na nakala ya pili ikae nje ya simu hiyo.

Wasalaam,
Mzee wenu