Mkituruhusu kutoka hospitali, tuandikieni na chakula

Bwana Mhariri,

Mume wangu ni mwashi, tunakaa Kadutu. Mwezi wa nne tifoide, ile homa ya matumbo, ilimtoboa utumbo. Madaktari walimpasua usiku uleule, wakakata kipande kilichoharibika mwishoni mwa utumbo mwembamba, wakaunganisha pande mbili. Alilala siku 11. Nawashukuru sana, maana bila wao leo ningekuwa mjane. Lakini siku ya kutoka nilipewa karatasi ya Kifaransa yenye dawa 3 na tarehe ya kuondoa nyuzi. Kuhusu chakula niliambiwa maneno mawili tu: "Ale vizuri."

Kula vizuri kwetu kila mtu anajua ni nini. Mama mkwe alifika kutoka Walungu na unga wa muhogo na sombe (majani ya muhogo) aliyoitwanga kwa mkono wake, wifi akaleta maharagi. Aliyepasuliwa anataka nguvu, wakasema, nami nikasonga bugali. Siku ya pili jioni akala, akashiba, tukafurahi. Kufika saa sita usiku tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, anatapika maji ya kijani. Tulimrudisha kwa pikipiki katika mvua, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Siku 4 nyingine za serumu ya mshipani na mpira wa puani. Mshono wa ndani haukuachia, Mungu asifiwe.

Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, alinikuta nalia kwenye benchi. Alishika pindo la kitenge changu pale fundi alipounganisha. "Gusa hapa. Si pamekuwa panene? Ndani ya tumbo la baba ni hivyohivyo, tena bado pamevimba, njia imebana. Sombe ina nyuzi ambazo tumbo halisagi. Zinajaa pale kama takataka kwenye mfereji wetu mvua ikinyesha." Akaniambia kwa wiki 6 hivi aache sombe, maharagi na maganda yake, mahindi ya kuchoma, nanasi na nyama ngumu. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, akitafuna mpaka kila kitu kiwe uji mdomoni, na baada ya kula asilale, atembee hata hapo uani.

Nilianza na mchuzi mwepesi na uji laini, kisha wali uliopikwa mpaka ukalegea, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, yai. Kidonda hakifungi bila chakula cha kujenga mwili, na nyama ya kila siku sisi hatuiwezi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, ndiyo ilituokoa. Nilikuwa nikinunua gobele moja, kikombe cha kupimia, asubuhi, zikiwa bado mbichi na zinang'aa, nazitoa vichwa, nazichemsha na nyanya niliyoimenya na kuitoa mbegu, bila pilipili. Halafu nazisukuma kwenye chujio la chai kwa mgongo wa kijiko, taratibu, mpaka miiba yote inabaki juu. Kazi ya nusu saa kwa sahani ndogo ya chai. Siku ya tatu alisema, "Chumvi haijafika." Nilitoka nje nikalia tena, kwa furaha, maana tangu apasuliwe alikuwa hajajali ladha ya kitu chochote.

Jirani ya kitanda chetu alitolewa utumbo nje, akawa na mfuko wa kupokea choo tumboni. Huyo anapoteza maji na chumvi nyingi, na maji matupu hayamtoshi. Walimfundisha lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mke wake alijua hayo kwa sababu aliuliza. Mimi sikujua kama kuna la kuuliza.

Ombi langu kwa wakubwa wa hospitali zetu ni hili. Hapa anayempikia mgonjwa ni sisi ndugu zake. Basi tuandikieni nusu ukurasa kwa Kiswahili: ale nini, aache nini, kwa wiki ngapi. Mwiteni yule anayeshika sufuria, si yule anayelipa deni peke yake, mumsomee. Na mwandike dalili za kutongoja kupambazuke: tumbo kuvimba, kutapika, homa, kukosa kupitisha hewa na choo. Mimi nilipoteza saa mbili usiku ule nikimkanda kwa maji ya moto.

Sasa ni wiki ya nane. Jumapili alikula sombe, kijiko kimoja, iliyochemka tangu asubuhi. Mama mkwe alikaa mlangoni akimtazama, hakuongea mpaka alipomeza.

Mama Neema,
Kadutu, Bukavu