Picha Imebana, Fremu ni Kubwa: Bekigraundi Tunaiongezaje?

Wateja wengi wanaokuja hapa studio kwetu Tororo, Uganda, kutafuta fremu ya inchi 8 kwa 10 wanashangaa tukiwaambia picha haiingii, wanasema lakini imepigwa na kamera ya maana, angalia ilivyo safi. Ni safi kweli, na ni kubwa, shida ni umbo. Kamera ya megapikseli 24 ukiisimamisha inatoa pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 4000 kwa 6000, yaani 2 kwa 3, na fremu ya 8 kwa 10 ni 4 kwa 5, sasa hapo tuna njia mbili tu, ama tukate pikseli 1000 juu na chini (na huko ndo kuna kilemba cha mama na viatu vya bwana harusi) ama tuongeze pikseli 800 pembeni, 400 kila upande. Hizo 400 kamera haikuzipiga. Watu wanadhani kompyuta inajua kilichokuwa pale pembeni, kumbe haijui kabisa.

Kinachofanyika ni hivi. Tunaipanua picha ndani ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, pembeni panabaki patupu, tunachagua ile nafasi tupu pamoja na ukanda mwembamba wa picha yenyewe ili mshono usionekane, halafu tunaiambia programu ijaze. Sisi wenyewe tunaita kontenti awea, iliingia Photoshop mwaka 2010 kwenye toleo la CS5, na haina maajabu: inatafuta ndani ya picha yako vipande vidogo vidogo vinavyoelekeana na ule ukingo, inavikopi, inavipanga mpaka nafasi ijae, kama fundi anayeziba tundu la shati kwa kitambaa alichokata kwenye pindo la shati lilelile. Kisichokuwemo kwenye picha hakiwezi kutokea.

Ndo maana ukileta kazi utaona tunaangalia pembeni kwanza, sura baadaye. Kama pembeni ni nyasi, udongo mwekundu wa murram, mawingu ama shamba la matooke nyuma ya nyumba, hiyo ni kazi ndogo, unasubiri hapohapo kwenye benchi. Majani ya mgomba yenyewe yamekaa ovyo tangu zamani, programu ikiweka moja vibaya nani atajua. Ukuta wa studio wa rangi moja ndo watu wanadhani rahisi, kumbe unasumbua, kwa sababu mwanga unafifia polepole kutoka katikati kwenda pembeni na kontenti awea inaacha mabaka, kwa hiyo mimi huwa siijazi, nachukua ukanda wa pembeni nauvuta tu mpaka ufike, kisha naongeza chengachenga kidogo ufanane na kwingine.

Mistari inasumbua zaidi. Tenti zenye mistari za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni), mataili ya sakafuni, madirisha ya lile jengo kuu la Makerere kwenye picha za graduesheni. Dirisha linarudiwa nusu, mstari unapinda, na mtu anaona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kusema ni nini. Hizo tunazimalizia kwa mkono na bei inapanda, mtuvumilie.

Sasa kuna watu waliokatwa, na hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye kwanjula mpiga picha anabana ili ukoo wote uingie, na ssenga, yaani shangazi, aliyesimama mwisho anakatwa bega. Mteja anasema we ongeza tu kidogo, bega litokee. Litokee wapi? Lile bega lililochongoka la gomesi, gauni refu la kina mama, liko nje ya picha, programu itatafuta kinachofananafanana, itaweka kitambaa cha gomesi ya mwingine, ama nyasi, ama mbaya zaidi nusu ya uso wa aliyesimama karibu naye. Kuanzia toleo la Photoshop lililotoka Oktoba 2018 kontenti awea ina dirisha lake maalum kwenye skrini ambapo unapaka sehemu unazotaka zikopiwe na kufuta zile hutaki, kwa hiyo tunafuta watu wote tunaiachia tenti na nyasi peke yake, na inasaidia sana nyuso zisijirudie, lakini bega la ssenga bado hatujalipata. Hapo ndo tunakuuliza kama kuna picha nyingine ya siku ileile, watu wamesimama vilevile, maana bega likiwepo huko tunalihamisha. Kama haipo tunakushauri uchukue fremu yenye umbo la picha yako, 8 kwa 12 ama 12 kwa 18, zipo na zinapendeza, na hakuna kitu tutakachohitaji kubuni.

"Boss, si hata AI inaweza?" Inaweza. Photoshop iliiweka 2023, na bega italichora, tena zuri tu, ila si la ssenga wenu. Mwamba wa Tororo ukikatwa kilele itakuchorea mlima fulani, na hapa mjini hata mtoto wa praimari atakwambia huo si mwamba wetu. Halafu ile kazi haifanyiki kwenye kompyuta yetu, picha inapanda mtandaoni kwenye seva za Adobe, kampuni yenye Photoshop, ndo inarudi, kwa hiyo bila intaneti hakuna kitu, na kuna wazazi hawataki picha za watoto wao zisafiri hivyo, ndo maana tunauliza kwanza kabla ya kubonyeza. Jambo lingine ni ukali wa picha, ile ya mwanzo ilikuwa inachora kipande cha pikseli 1024 kwa 1024, ukiipa nafasi kubwa kwa mara moja inakivuta kile kipande mpaka kienee, kwenye simu huoni tofauti ila peleka bango likaprintiwe Nasser Road pale Kampala uone pembeni kulivyolainika wakati katikati kunakata. Sisi tunaitumia kwa mawingu na nyasi, kidogokidogo. Nguo na sura za watu hatuipi.

Mkituma picha tafadhali msitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa njiani na ule ukingo tunaoutegemea unafika umejaa ukungu, tuma kama dokumenti ama leta flashi. Skrinshoti ndo usilete kabisa. Na utuambie saizi ya fremu mapema, kabla hatujagusa kitu, maana kujaza kwa ajili ya 8 kwa 10 halafu ubadilishe mawazo utake ya mraba ni kuanza upya. Kama sherehe bado haijafika, mwambie mpiga picha wako arudi nyuma hatua mbili, nafasi ya kukata haina gharama.

Picha za pasipoti na viza hatujazi wala hatuongezi, hata mkiomba vipi. Marekani kwa mfano hawakubali picha ya viza iliyobadilishwa kwa kompyuta, kwa hiyo unakaa kwenye stuli mbele ya ukuta mweupe tunakupiga nyingine.