Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: samadi ni chakula cha nani?

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, tunawasalimu sana. Tumeambiwa risala iwe fupi, tutajitahidi, ila mada yenyewe inanuka kidogo mtuvumilie, tunaongelea mavi ya mifugo na viumbe wadogo wanaoishi udongoni shambani.

Mheshimiwa, wengi tukisikia samadi tunawaza mmea tu, yaani unamwaga, mmea unakula, unavuna. Kumbe mmea haumezi samadi hivihivi. Wanaoanza kula ni bakteria na kuvu, alafu wanakuja nematodi (vinyoo vidogo sana visivyoonekana kwa macho) wanaokula hao bakteria, wanakuja utitiri na kolembola (wale weupe wadogo wanaorukaruka ukifunua majani yaliyooza), jongoo, na nyungunyungu ambaye ndo bosi wao, na humohumo kwenye kulana ndo chakula cha mmea kinapatikana, maana nematodi akila bakteria anapata naitrojeni nyingi kuliko anayohitaji, ile ziada anaitoa nje na mzizi unaidaka. Kwa hiyo samadi ni mlo wa hawa kwanza, mmea unafuata. Uingereza, pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, kuna jaribio la ngano linaitwa Broadbalk lilianza 1843 na linaendelea mpaka leo, kuna kipande kinawekwa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka na udongo wake una mboji zaidi ya mara mbili ya kile kisichowekwa kitu. Hapo ndo wadudu wanakuwa na cha kula mwaka mzima.

Sasa sio kila samadi ni baraka, na hili watu hawalisemi sana. Ile ya majimaji iliyochanganyika na mkojo ina amonia na chumvi nyingi, na nyungunyungu anapumua kwa ngozi, hana pa kujificha, ukiimwaga nyingi kwa mpigo utawakuta wametoka juu wamekufa. Kwa kawaida wanarudi baadaye kwa sababu chakula kimebaki, lakini ukirudia kila mara na juu yake unapitisha jembe la trekta, hao wa kurudi watatoka wapi?

Samadi ya nguruwe na kuku nayo ina lake. Vyakula vyao mara nyingi vinaongezwa shaba na zinki, sehemu kubwa inapita tumboni inatoka kwenye kinyesi, na madini haya hayaozi, yanajikusanya shambani mwaka hadi mwaka, na shaba ikizidi nyungunyungu hawaiwezi kabisa.

Alafu dawa za minyoo. Ng'ombe akipewa aivamektini, dawa inatoka kwenye mavi ikiwa bado kali na inaua mabuu ya dundu wa mavi, wale wanaoyachimbia chini na kuupa udongo hewa. Australia ni mfano mzuri wa malisho kukosa dundu wanaofaa: ng'ombe walifikishwa kule 1788, dundu wa huko walizoea kinyesi cha kangaruu, basi mavi ya ng'ombe yakawa yanakauka juu ya majani na nzi wanazaliana humo, mpaka kuanzia 1968 ikabidi waachiwe dundu wa kutoka nje, wengi wao wa Afrika. Wenzetu wanaagiza dundu kutoka mbali, sisi tunawaua kwa sindano!

Maombi yetu sio ya hela, mheshimiwa. Ukikutana na wafugaji na wakulima waambie samadi wairundike ioze kwanza, waigeuzegeuze, ikipanda joto kama nyuzi 55 au 60 mbegu za magugu zinakufa, ikipoa nyungunyungu wanaingia wenyewe. Mavi ya mifugo iliyotoka kupewa dawa yakae lundo la peke yake. Na wataalamu wanaopima udongo wasiishie kwenye naitrojeni na fosforasi, wachimbe pia kashimo ka sentimita 20 kila upande wahesabu nyungunyungu waliomo, ni kipimo kisichohitaji maabara wala umeme.

Kashimo kenyewe tumekaandaa nyuma ya madarasa, tunaomba baada ya hotuba yako twende ukahesabu na sisi, koleo lipo na maji ya kunawa yapo.

Naomba kuwasilisha.