Risala ya Wanafunzi wa Sheria kwa Profesa Wetu Anayestaafu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu wetu Profesa, wahadhiri, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanafunzi wa masomo ya ardhi, makazi na serikali za mitaa tunakukaribisha, Profesa wetu, katika hafla hii ya kukuaga, ingawa baadhi yetu bado unatudai insha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliikuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 katika somo moja, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 katika somo jingine, tukazisoma kana kwamba hazijuani. Wewe, Profesa, ndiye uliyetuonyesha kwamba Halmashauri ya Kijiji inayoundwa kwa sheria ya 1982 ndiyo hiyo hiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa ardhi mwaka 1999, na kwamba kifungu cha 8 cha sheria hiyo ya 1999 kinaizuia kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wanakijiji wote watu wazima.

Hatujasahau siku ulipoingia darasani na nakala ya muhtasari wa kikao cha kijiji kimoja, ukatusomea ukurasa uliompa mwekezaji shamba. Mhuri ulikuwepo, saini ya mwenyekiti ilikuwepo, lakini orodha ya mahudhurio ya wanakijiji haikuwepo. Ukauliza tu, "Mkutano uko wapi?" Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga mlango.

Tangu siku hiyo tunadai muhtasari kwanza, hati baadaye. Hata Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu migogoro ya ardhi bila kutoa uamuzi, ulitufundisha tusilidharau, kwa kuwa ndani ya zile siku 30 za usuluhishi ndipo majirani husema yale wasiyoyasema tena wakifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzetu wengi hukimbilia sheria za kodi na za gesi, na hatuwalaumu, maana huko ndiko kwenye mishahara. Kwako, Profesa, tunaomba mambo mawili: majalada yako ya utafiti yabaki maktaba, na mihadhara yako uiandike kwa Kiswahili, kwa sababu mzee anayedai haki ya njia shambani hasaidiwi na Kiingereza chetu.

Zawadi yetu ni futi kamba ya mita 50, kwani ile yako ilikatikia mpakani mwa shamba la watu, tukiwa tumeishika sisi.

Tunaomba kuwasilisha.