Kwenu vijana mliomwambia yule mama awe mpole

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nazipokea kila siku, marahaba. Leo nisikilizeni.

Wiki iliyopita nilikaa katika kikao ambapo mama mmoja, jicho limevimba, aliambiwa na kijana mwenye Biblia mkononi kwamba Kiingereza kimesema "meek", na maana yake ni mtu asiye na hasira kabisa. Basi arudi kwa mumewe, anyamaze, atairithi nchi. Niliondoka kabla ya chai. Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na hilo limenikaa kooni.

Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa wageni, watu wa Skandinavia waliovamia nchi yao na kulowea huko tangu karne ya 9. Kwao lilikuwa mjúkr, yaani laini. Waliotafsiri Biblia ya King James, mwaka 1611, walilitumia katika Mathayo 5:5, pale tunaposoma "Heri wenye upole". Lakini Injili hiyo imetufikia kwa Kigiriki, na neno lililoandikwa humo ni praus. Hapo ndipo mlipopaswa kuchimba!

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliueleza upole wa neno hilo: ni wa mtu anayekasirikia jambo linalostahili, na mtu anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati wake. Kukosa hasira alikupa jina jingine, aorgesia, akakuhesabu kuwa kasoro.

Tena Biblia mnayo. Musa anaitwa mpole kuliko watu wote katika Hesabu 12:3, na ndiye aliyezivunja mbao za mawe chini ya mlima. Na Yesu, aliyesema "mimi ni mpole", aliwakazia watu macho kwa hasira, Marko 3:5, walipofanya mioyo migumu mbele ya mgonjwa.

Fungueni kamusi. Ulizeni waliosoma Kigiriki. Msikisie.

Najua hamkuanza ninyi. Sisi wazee tumemwambia binti anayelia "kuwa mpole", na kaka yake akifoka tukasema ana damu moto. Tumewarithisha hayo, wanangu, na inaniuma.

Yule mama sasa yuko kwa dada yake. Nendeni mkamwombe radhi, na Biblia mwende nayo.

Babu yenu, mwalimu mstaafu