Kwa mama mwenzangu wa benchi la kliniki, kabla hujasaini karatasi ya upasuaji

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji hapa, utajijua. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Madaktari wanataka kumfanyia binti yako upasuaji wa kibofu, na wewe unauliza jambo moja tu: ataacha pampasi? Nakujibu hadharani kwa sababu sisi akina mama wa watoto wa mgongo wazi, waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, tuko wengi, na swali letu ni hilohilo.

Pampasi anaweza kuziacha. Mpira wa mkojo, ule mrija mwembamba unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, haachi. Hilo mimi sikulielewa mapema, nikalia wodini siku mbili baada ya upasuaji uliokwenda vizuri.

Mishipa ya fahamu iliyoharibika mgongoni haishoneki ikapona. Kibofu cha wanetu hakisikilizani na ubongo: kinajikaza huku mlango wake umebana, mkojo unakosa pa kutokea na unapanda kurudi kwenye figo. Mwanangu alipokuwa mdogo niliambiwa nimvalishe pampasi tu, atakua. Alipofika miaka 5, kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha figo zote mbili zimevimba, na mtoto hakuwa amelalamika hata siku moja. Kwa hiyo upasuaji huu uuone ni wa figo kwanza, nguo kavu baadaye.

Tulianza na mpira kila baada ya saa 3 au 4, pamoja na oksibutinini, dawa ya kulegeza kibofu. Watoto wengi hutulia hapo, kisu hakiwagusi. Wangu hakutulia. Kibofu cha mtoto wa miaka 7, kama wako, hutarajiwa kubeba mililita 270 hivi (chukua umri, ongeza 2, zidisha kwa 30). Cha mwanangu, kwa umri huohuo, kilivuja kabla hakijafika 100. Ndipo wakakata kipande cha utumbo mdogo, wakakipasua kikatandazika kama kitambaa, wakakishonea kwenye kibofu kama kiraka. Kidole tumbo nacho wakakifanya mrija wa kutoka kibofuni hadi kitovuni, njia aliyoieleza daktari Mfaransa Paul Mitrofanoff mwaka 1980.

Leo ana miaka 13. Ananawa mikono kwa sabuni, anapandisha shati akiwa palepale kwenye kiti chake cha magurudumu, anapitisha mpira mwembamba kitovuni, mkojo unashuka kwenye chupa. Akimaliza anauchomoa, anashusha shati, anarudi darasani. Hakuna mtu mzima wa kumvua nguo. Fikiria binti yako akivunja ungo, hilo litakuwa na maana gani kwake.

Lakini utumbo hausahau kazi yake hata ukihamishiwa kibofuni. Unaendelea kutoa ute unaovutika kama wa yai bichi. Usipousafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, kwa bomba la sindano kama watakavyokufundisha, unaziba mpira, na mawe hujijenga humo. Kibofu chenye kiraka kikiachwa kijae kupita kiasi kinaweza kupasuka, na wanetu hawasikii maumivu vizuri. Tumbo likivimba, akitapika au akishikwa na homa, usingoje kukuche. Nenda na uwaambie wazi kibofu chake kimeshonwa utumbo.

Muulize daktari mlango wa kibofu ukoje. Kama umelegea, huenda wakaukaza pia. Uliza kama kibofu kitaongezwa ukubwa, maana kukaza mlango wa kibofu kidogo kigumu ni kuzisukumia figo mkojo. Waambie pia wasitumie glovu wala mipira ya lateksi, yaani iliyotengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira. Watoto wetu hupata mzio wake kwa urahisi, na mzio huo unaweza kuua.

Kingine, na hapa nakusihi: kama bado hujauzoea mpira, hata ule wa saa 10 usiku, mwambie daktari ukweli. Kama figo zinaruhusu kusubiri, omba ufundishwe kwanza. Anza leo daftari: saa uliyotoa mkojo, mililita ngapi, alikuwa mkavu au ameloa. Andika na siku alizopata choo, kwani choo kigumu nacho hukibana kibofu.

Jumamosi njooni nyumbani, daftari uje nalo. Mwanangu amesema mwenyewe atamwonyesha mdogo wake kitovu chake.